Mwaka Ule Pauni Iliposhuka

Naro Moru, jioni

Mwanangu Nyambura,

Barua njema huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, kwa maana uko ng'ambo ya ukuta huu wa mbao pamoja na mama yako, na nyote wawili mnamcheka mtu ambaye, nikikisia, ni mimi. Nakuandikia kwa Kiswahili, kama nilivyokuandikia tangu ulipokwenda shule ya bweni. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikisema kwa mdomo utaniambia, "Baba, darasa limekwisha."

Mama yako amekwisha kukuagiza kuhusu sweta, dawa ya kifua, na vijana. Sina la kuongeza katika hayo matatu. Mimi ninalo jambo moja. Leo saa sita nilikuwa nyuma ya stoo nikipaka buti za wageni mafuta, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Baba hawezi peke yake. Wageni wamepungua. Nitawaandikia wale wa hoteli ya Uswisi kwamba nitaanza kazi mwaka ujao." Kisha nikasikia sanduku lako la safari likifunguliwa. Nikamsikia mama yako akifagia tena jiko alilokwisha kulifagia. Unajua kwamba mama yako akifagia mara mbili, mambo yamekuwa makubwa.

Nataka kesho upande basi la Nairobi, na jioni upande ndege. Ningeweza kukuamuru; sauti ninayo bado. Lakini ukienda kwa amri, utafika huko ukiwa umeacha nusu ya moyo wako katika stoo ya buti, na hoteli haitakulipa kwa nusu iliyobaki. Kwa hiyo nitakueleza kosa langu moja ambalo unalijua kipande tu, kisha utaamua mwenyewe.

Kwanza, ni kweli kwamba wageni wetu wa kupanda mlima wamepungua. Sitakuficha. Makundi matatu yamevunja safari mwezi huu: wale walimu wa Leeds, wale wapanda milima wa Birmingham, na yule daktari wa meno na wanawe. Kwao viwanda vinafunga milango, mafuta yamepanda, na pauni yao imedhoofika. Shilingi yetu nayo imeshushwa thamani, na mtu angedhani kwamba kwa hiyo tumekuwa rahisi kwao na watakuja mbio. Rahisi tumekuwa. Lakini mtu aliyeambiwa kiwandani asirudi Jumatatu hatafuti mlima wa bei rahisi. Hatafuti mlima wowote. Wakati huohuo buti, mahema na mitungi ya gesi vinatoka ng'ambo, na kwa shilingi hii iliyoshuka vimekuwa ghali. Anayekuja analeta kidogo, na tunachomnunulia kimepanda. Hapo ndipo tulipo.

Na hoteli yako, kule wageni wanakokwenda kuteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni, iko katika shida ileile kwa upande wa pili. Barua ya mwenye hoteli niliisoma mara tatu. Anasema Waingereza wamefuta vitanda kwa sababu faranga ya Uswisi imepanda juu ya vichwa vyao. Mwingereza akibadilisha pauni zake siku hizi anapata faranga chache mno, basi anabaki kwao na kuteleza kwenye matope bure. Kwa hiyo kazi yako ni ya msimu mmoja ulio hakika, na wa pili Mungu akipenda. Ulipomaliza kuisoma barua hiyo nilikuona usoni. Ulikuwa ukijiambia: huko hakuna uhakika, hapa hakuna uhakika, basi afadhali nibaki nimsaidie Baba.

Hesabu yako ni sahihi. Jibu si sahihi, nami najua kwa sababu mimi niliwahi kulipata jibu hilohilo.

Ulikuwa na miaka kumi mwaka ule pauni ya Waingereza iliposhushwa mara ya kwanza baada ya uhuru. Unachokumbuka, na unachopenda kuwasimulia wageni, ni yule Mwingereza mrefu aliyeshuka mlimani akiwa na sufuria kichwani. Hujapata kuuliza ilifikaje kichwani.

Nilikuwa nimeacha kufundisha miaka mitatu kabla. Miaka kumi na minne nilifundisha sarufi na hesabu karibu na Kiganjo, na Jumamosi niliwapeleka wageni mlimani, mpaka nikaona kwamba Jumamosi moja inanilisha kuliko siku tano za darasani. Mwaka ule wakala mmoja wa London akaniandikia kwamba atanitumia makundi ya wageni mwaka mzima. Aliniuliza jambo moja tu: bei zako ziandikwe kwa shilingi au kwa pauni?

Sikufikiri hata dakika mbili. Kwetu, tangu utoto wangu, pauni ni shilingi ishirini. Ng'ombe wa Karatina hutajwa kwa pauni na hulipwa kwa shilingi, na sijamwona mzee aliyesimama katikati ya soko akauliza kama ishirini itabaki ishirini. Tena niliona neno hilo likipendeza kwenye karatasi. Nikajibu: pauni. Bei moja kwa mwaka mzima, na sahihi yangu chini kwa wino mweusi. Nilijiona mtu mkubwa.

Habari ilitufikia jikoni, kwa redio. Mpishi wetu wakati ule alikuwa Wanjohi, mtu wa Kutus, ambaye aliweza kupika chapati laini mahali ambapo maji yameganda ndooni. Nilipoingia hakugeuka.

"Mwarimu, ati pauni imeanguka."

"Nimesikia."

"Imeanguka ikaenda wapi?"

"Imeshushwa thamani, Wanjohi. Serikali ya Uingereza imeamua."

"Na hii yetu?"

"Yetu imebaki palepale."

Akageuza chapati. "Sasa hiyo ni mzuri ama ni mbaya?"

"Haituhusu," nikasema.

Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu nikiwa mlangoni. Pauni moja ya wakala wangu, iliyokuwa shilingi ishirini, sasa ilikuwa shilingi kumi na saba na senti kidogo, na unga, sukari na wapagazi wote walilipwa kwa shilingi. Ilituhusu kuliko mvua. Lakini niliona aibu. Mwalimu mzima, niliyewachapa watoto wa watu kwa makosa ya hesabu, nilikuwa nimetia sahihi bila kujua nilichokitilia.

Kundi lililofuata lilikuwa la Waingereza sita. Kwa kundi la watu sita tulikuwa tukichukua wapagazi wanane. Nikachukua sita. Desturi yetu ya mizani unaijua: kila mzigo hutundikwa kwenye mti wa langoni mbele ya wapagazi wote, na kiongozi wao husoma uzito kwa sauti, ili pasiwe na mtu wa kunung'unika njiani. Kiongozi alikuwa Kariuki, kama alivyo sasa, ila alikuwa na meno zaidi. Asubuhi ile niliwaambia mizani imeharibika. Haikuwa imeharibika, Nyambura. Ilikuwa chini ya kitanda changu, na mama yako alijigonga kidole cha mguu juu yake, akasema maneno ambayo sitayaandika.

Kariuki aliniangalia, akaangalia mti, akabeba.

Siku ya pili tulifika kwenye kile kinamasi kinachopanda mlima kama ukuta, ambako mguu ukiingia buti hubaki. Nikageuka, nikamwona Kariuki amekaa juu ya mzigo wake, na wenzake watano wamekaa nyuma yake kwa mstari, kama watoto wa shule wanaongoja kupigwa picha.

"Kariuki, inuka."

"Nimekaa, Mwarimu."

"Naona kwamba umekaa. Kwa nini umekaa?"

"Mizani yako imeharibika, sawa. Lakini mgongo yangu haijaharibika. Hii ni mzigo ya mtu na nusu."

"Na huyo nusu alibaki Naro Moru!" akasema mmoja wa nyuma, na wote wakacheka.

Nikaanza kuwahutubia. Nilizungumza juu ya mkataba, juu ya wajibu, juu ya heshima ya kazi. Hakuna kitenzi kilichoniponyoka. Nilipokuwa nikizungumza nilikuwa nikizama polepole, na nilipofika kwenye heshima ya kazi matope yalikuwa yamefika magotini.

Kariuki alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akasema, "Mwarimu, hiyo Kiswahili ni mzuri sana. Sasa ibebe."

Hawakuondoka, wala hawakutukana. Walifungua mizigo yote, wakaipima kwa mikono, kila mtu akachukua uzito wa haki, na vilivyobaki wakavikusanya katikati ya njia vizuri kabisa. Vilikuwa mizigo miwili kamili. Wakaanza kupanda.

Mzigo mmoja nilibeba mimi, na ndani yake mlikuwa na viti vya kukunja na debe la mafuta ya taa. Wa pili waligawana wageni. Mvua ilipoanza, yule mrefu akaona kwamba sufuria ikibebwa kichwani inafanya kazi mbili. Wakapanda wakiimba. Wote sita waliniambia baadaye kwamba ile ilikuwa siku bora ya safari yao, nami niliwashukuru kwa meno yaliyofungwa.

Jioni, katika kibanda cha mlimani, nilikunywa chai vikombe viwili. Kisha nikasema yote: pauni, shilingi kumi na saba, sahihi yangu, mizani chini ya kitanda. Nilingoja wanikasirikie. Kariuki alikuwa akikausha soksi zake juu ya moto.

"Mwarimu, hii viti ni za nini?"

"Wageni huvikalia."

"Leo wamekaria mawe. Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Na hii meza?"

"Huwekewa chakula."

"Na hii kitambaa?"

"Ni cha meza."

Akacheka mpaka soksi moja ikaanguka motoni. "Watu wangu," akawaambia wenzake, "sisi tumekuwa tukibeba hoteri."

Wakaketi, wakapitia vitu vyote kimoja kimoja. Meza ilitoka, viti vilitoka, jamu ikabaki ya aina moja badala ya sita. Kufikia asubuhi, kwa kundi la watu sita ilitosha kuwa na wapagazi sita kwa mizigo ya haki, na hakuna mgeni aliyeulizia kitambaa cha meza tangu siku hiyo. Na wale wawili niliokuwa nimewaacha? Wapagazi wenyewe walipanga zamu, ili kila safari wawili wapumzike na pasiwe na anayepumzika mara mbili mfululizo. Mimi niliyekuwa nimekesha wiki mbili nikitafuta njia sikuwa nimeiona hiyo. Ningeionaje? Mimi sikuwahi kuibeba meza.

"Pauni ikianguka tena tuambie mapema," Kariuki akaniambia tulipokuwa tukishuka. "Sisi tumezoea kuanguka."

Kipande hicho kinachekesha, nami nacheka nikikiandika. Kinachofuata sicheki sana.

Ungetarajia kwamba baada ya kinamasi kile nilikuwa nimejifunza. Nilijifunza kwa wapagazi tu. Mwezi uliofuata Wanjohi alinijia, amevaa koti, jambo ambalo hakulifanya jikoni. Hoteli moja ya Nyeri mjini ilikuwa imemwita awe mpishi, mshahara wa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Alitaka kujua jambo moja.

"Mwarimu, niambie ukweri. Hapa kazi iko?"

Nilijua kwamba haipo. Waingereza walikuwa wamebanwa na bei kwao, na wakala alikuwa ameniandikia nisitarajie makundi mengi baada ya mvua. Barua hiyo ilikuwa mfukoni mwangu wakati Wanjohi akizungumza. Lakini nilifikiria jiko bila yeye. Nilifikiria wageni wakila ugali wangu. Nikamwambia, "Kazi iko tele."

Akavua koti, akarudi kukanda unga.

Miezi mitatu baadaye nilimrudisha kwao Kutus, kwa kuwa hakuwa na wa kumpikia, wala mimi sikuwa na cha kumlipa. Nafasi ya Nyeri ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Alifunga kisu chake ndani ya aproni. Hakuniinulia sauti. Alisema, "Ungeniambia tu, Mwarimu," akaondoka. Miaka sita nilikuwa nikipita Kutus nikitazama upande mwingine wa barabara.

Hatimaye nilishuka. Alikuwa amefungua nyumba ya chai karibu na soko, imejaa watu, na yeye amenenepa. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi, nikasema niliyokwenda kusema, mbele ya wateja wote, maana hakuwa na chumba cha faragha. Alinisikiliza akikaanga mandazi. Kisha akaniletea chai na mandazi matatu. Nilipouliza bei akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Hawa wengine wanaripa kwa shilingi. Huyu Mwarimu ataripa kwa pauni!" Nyumba nzima ikacheka bila kujua inacheka nini. Tangu hapo nikipita Kutus sipiti bila kuingia. Lakini miaka miwili ya mwanzo, kabla ya nyumba ile ya chai, aliuza mandazi kwenye beseni juani, na miaka hiyo miwili nilimletea mimi, kwa neno moja la uongo.

Sasa unaona kwa nini sikulala vizuri wiki hii. Tangu barua za kuvunja safari zianze kuja, nimekuwa nikitaka uniulize swali la Wanjohi, ili nikujibu alivyojibiwa Wanjohi. Kukuweka hapa ni rahisi mno. Sihitaji hata kusema uongo. Nikikohoa mara mbili utabaki. Na ninakuhitaji. Wewe ndiwe uwajibuye wageni kwa Kiingereza kinachocheka. Nilipoandika mimi, mama mmoja alijibu akiuliza ameshtakiwa kwa kosa gani. Wewe ndiwe unayempoza Kariuki akikasirika, na unayemchokoza akipoa. Umeitwa jina la mama yangu, nami nikikuita "mama" sifanyi mzaha.

Huko uendako utaikuta kazi hii hii kwa mavazi mengine. Hoteli inayoishi kwa theluji ina hali mbili za hewa, ya angani na ya benki, na mwenye hoteli huitazama ya angani kwa sababu inaonekana dirishani. Wewe itazame ile nyingine. Uliza wageni wanalipa kwa fedha za nchi gani, na walikubaliana lini. Wakianza kuagiza supu moja kwa watu wawili, utakuwa umejua kabla ya gazeti. Na ukiona vitu vinabebwa ngazini kila siku na hakuna anayevitumia, waulize wanaovibeba.

Mshahara wako utakuwa wa faranga. Nakuomba usigeuze kila kikombe cha chai kuwa shilingi, maana utaona kwamba kwa bei ya kikombe hicho tungekula hapa siku mbili, na utakufa njaa mezani. Kunywa chai. Wala usitume faranga nyumbani ili watu wa Naro Moru waone posta ikinijua. Nunua viatu kwanza.

Na msimu wa pili usipokuwepo, tuambie. Usiseme "haituhusu." Niliogopa sana mwaka ule kwamba watu wakijua nimeanguka watanidharau, na walipojua walichofanya ni kutoa viti kwenye mzigo. Ukirudi kabla ya wakati, utarudi unajua hoteli ya theluji inavyoendeshwa wakati mbaya, na wakati mzuri mtu hajifunzi chochote. Mimi ni shahidi. Nauli ya kurudi iko, kwa faranga, katika bahasha aliyoshona mama yako ndani ya koti lako. Safari hii niliuliza bei asubuhi na mchana, katika benki mbili, mpaka karani wa Nyeri akaniuliza kama nimekuja kukagua.

Hali ya hapa, basi, ni hii, ukweli mtupu. Mwezi ujao kuna kundi moja, mwezi baada ya huo hakuna. Tutapanda viazi kwenye uwanja wa mahema. Kariuki na wenzake wameambiwa jana, wote, kabla yako, naomba radhi kwa hilo. Watu wanne wanakwenda kuchuma kahawa upande wa Karatina mpaka wageni warudi, na mizani itapima viazi. Tutakuwa wazima.

Kwa kuwa jambo lenyewe ni la kazi, nalimaliza kama inavyotakiwa. Nyambura binti wa Ndirangu: hapa kazi haipo. Kuanzia kesho alfajiri umeachishwa kazi katika kambi hii. Funguo za stoo atakuwa nazo mama yako, ambaye amekubali mshahara wa bure kwa sharti kwamba nisiingie jikoni. Huna kosa lolote katika rekodi, nami nitakuandikia cheti kizuri popote kitakapotakiwa. Kama unayo malalamiko, yaandike kutoka Uswisi, kwa stempu ya huko. Ya hapa hayatapokewa.

Baba yako, na mpaka kesho alfajiri mwajiri wako,

Ndirangu